Maji Yaliyosimama

Mvua za mwaka ule zilipokatika, nguo mbili zilianikwa kwenye uchochoro wa kina Khodabhai, na zote mbili zilikuwa zikisubiri maji. Moja ilikuwa kubwa, ya kufunika ukuta wa ukumbi. Ya pili haikuzidi shuka la kitanda. Katika zote mbili mungu wao, Mama Meldi, alikuwa amekaa juu ya mbuzi wake mweusi, mikono imejaa silaha, uso mweupe. Uso wa Mama haupakwi kitu. Mchoraji huchora macho, pua na mdomo kwa kijiti cha mwanzi, kisha huuacha kama ulivyotoka kwa mfumaji. Kazi yote ya baadaye, kufua na kuchemsha, ni kuulinda weupe huo usiguswe.

Nguo kubwa ilikuwa ya wakubwa wa mji. Ndogo ilikuwa ya marehemu Jamna, mke wa Khodabhai.

"Baba," alisema Savita, mke wa mwanawe, huku akimfukuza mbuzi wa jirani asitafune pindo, "siku ya nane ya sikukuu ya Mama inakuja mbio. Nguo ya mama itaingia majini lini?"

"Maji yakipatikana."

"Na yakipatikana, ipi itatangulia?"

Khodabhai akajifanya anatafuta kibiriti chake.

Savita alikuwa na haki ya kuuliza. Mimba zake mbili za kwanza ziliharibika. Ya tatu ilipoingia, mama mkwe wake Jamna alisimama mbele ya taa akaweka nadhiri: Mama, huyu akiishi, nitakusimamishia nguo iliyochorwa na mkono wa nyumba hii, ikafuliwa kwa maji yanayotembea, na wembe hautagusa kichwa chake mpaka siku hiyo. Mtoto akaishi. Wakamwita Lalo. Mwaka aliozaliwa ndio mwaka wakubwa walipojenga kuta za saruji kandokando ya mto wakazizungushia vyuma, na tangu hapo nguo za Mama zikakosa pa kufuliwa. Jamna akasubiri. Mwaka jana, mvua zikiwa katikati, akafa akisubiri.

Sasa Lalo alikuwa anakaribia miaka minne, na nywele zimemfika mabegani. Watoto wa uchochoroni walimwita Bibi Harusi.

"Wasingefunga mto," Khodabhai alimwambia kila mwenye masikio, "mke wangu angeiondoa nadhiri yake akiwa hai. Sasa amekwenda nayo shingoni. Nani wa kulaumiwa? Mimi?"

Watu walijua jibu analolitaka, na wengine walikwisha kuchoka kumpa.

* * *

Bwana Trivedi wa kamati ya maonyesho alikuja siku mbili kabla ya Navratri, siku tisa za Mama, kuanza. Alikuja na kijana wa kupiga picha na chupa yake ya maji. Savita alimtolea maji katika bilauri ya chuma juu ya sahani iliyosuguliwa mpaka ikang'aa. Trivedi aliitazama bilauri, akaitazama sahani, akaweka mkono kifuani.

"Asante, binti. Nimekunywa sasa hivi."

Jasho lilikuwa likimtiririka. Hakuketi kwenye kitanda cha kamba pia. Alitandika leso yake, akafikiri tena, akaikunja. Natu, mume wa Savita, aliyekuwa amelala chini ya bajaji yake akifunga nati, alichungulia.

"Keti, bwana. Kitanda hakiumi."

"Natu!" baba yake akamkaripia.

"Khodabhai," alisema Trivedi akiikodolea macho nguo kubwa, "wewe ni hazina ya taifa."

"Hazina imefungiwa maji, bwana," alisema Natu kutoka chini ya bajaji.

Trivedi akacheka ili isionekane kuwa ameudhika. "Ndilo nililolijia hilo. Ngazi zenu zinajengwa. Ngazi za wachoraji, kushuka mpaka mtoni. Mkubwa mwenyewe atazifungua siku ya sita, siku ya maonyesho. Nguo hii itakuwa nyuma ya jukwaa, na wewe utakuwepo." Akainama karibu na uso wa Mama. "Ila huu weupe. Mwaka jana mtu mmoja alituletea yenye madoa, tukaaibika. Weupe uwe weupe."

"Weupe ni maji, bwana. Nifungulieni hizo ngazi leo nikafue, kesho mtaona weupe."

"Leo? Haziwezi kufunguliwa kabla ya kufunguliwa."

Khodabhai aliligeuza neno hilo kichwani, upande huu na upande huu, asione mlango wa kuingilia.

"Na kitu kingine," alisema Trivedi akiondoka. "Wageni wanaipenda sana ile hadithi yenu. Ya kukatazwa mahekalu, mkaamua kuchora hekalu lenu juu ya kitambaa."

"Si hadithi. Babu yangu alipigwa jiwe mlangoni akiwa na nazi ya sadaka mkononi."

"Hiyo hiyo. Ukiulizwa, iwe fupi tu."

Alipokwenda, Savita aliichukua ile bilauri akamwaga maji kwenye mzizi wa mtulasi, mrihani wao wa ibada, polepole, mpaka tone la mwisho. "Maji ya Vaghari," alisema, akilitaja tabaka lao ambalo wenye mahekalu hawanywi maji yake. "Yangemuua huyo."

"Anatujengea ngazi," alisema Khodabhai.

"Anakujengea maneno, baba."

"Wewe hujui mambo haya. Ngazi zikifunguliwa, uchochoro mzima utakuwa na mto. Sisi, jirani zetu kina Manubhai, wote. Jamna angeona hivyo hivyo."

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja marehemu ili kuwatetea wakubwa, na yeye mwenyewe aliisikia ikigota.

* * *

Alfajiri ya kesho yake alijaribu mtoni, maana mtu hukata tamaa baada ya kujaribu. Mlinzi alikuwa kijana mwenye sare mpya na kipenga kilichofungwa kwa uzi mwekundu. Alikipuliza hata kabla mzee hajagusa chuma.

"Mzee! Hapa ni pa kupunga upepo."

"Nataka kusuuza nguo ya Mama. Hapo, kwenye ule mkondo. Mke wangu alikuwa akisimama pale pale."

"Kuna tikiti."

"Nikikata tikiti nitaingia majini?"

"Ukikata tikiti utayaangalia."

Wanawake wawili waliovaa viatu vya mazoezi walipita wakitembea kwa haraka. Mmoja akahamisha mkoba wake kutoka bega la upande wa Khodabhai kwenda bega la pili. Mlinzi aliona, akaona haya kwa niaba ya yule mwanamke, akasema kwa sauti ya chini, "Nenda, mzee. Mimi pia nina wakubwa."

Ikabaki njia moja. Nje ya mji, kwenye mashamba ya pamba, ulikuwapo mfereji uliofunguliwa kwa zamu. Mwaka huo Natu alikuwa amejuana na mtunza mlango wake, mtu aliyeitwa Ranchhod, aliyependa sigara za majani kuliko salamu. Zamu ya upande ule ilikuwa siku ya pili ya Navratri, asubuhi mpaka jua la utosini. Zamu nyingine ingekuja sikukuu zikiwa zimekwisha.

Wakazikunja nguo mbili, wakazitia katika bajaji, na Savita akakaa kando ya hizo nguo na Lalo mapajani. Njiani Lalo alitoa kichwa nje, nywele zikipepea, na mwanamke mmoja wa sokoni akasema, "Ona binti alivyo mzuri!"

"Mimi mwanamume!" Lalo akapiga kelele.

"Ni mwanamume wa nadhiri," alisema Savita. "Juma hili atanyolewa."

* * *

Maji ya mfereji yalikuwa na nguvu nzuri. Yalikuwa ya udongo kidogo, lakini yanatembea, na hilo ndilo lililotakiwa. Kila mahali palipotakiwa kuwa pekundu pamepakwa shabu iliyokorogwa katika uji wa kokwa za ukwaju. Shabu iliyozidi lazima iondolewe kabla ya kuchemsha. Mkondo huichukua ikaenda nayo. Maji yasiyokwenda huichukua hapa na kuilaza pale, na jicho halioni chochote mpaka nguo iingie motoni. Hapo kila mahali shabu ilipolala huwa pekundu. Jamna, aliyezaliwa na wafuaji na akafa mfuaji, alikuwa na msemo wake: maji yaliyosimama hayasahau.

"Tuanze na ya mama," alisema Savita akifunga sari yake juu ya magoti.

"Ya mama ni ndogo. Itakwisha mara moja."

"Ndiyo maana tuanze nayo."

Natu alimtazama baba yake. Khodabhai alikuwa ameshaikamata nguo kubwa kwa pindo. "Hii ndiyo itakayotuletea mto," alisema. "Mto ukishakuja, Jamna tutamfulia kila mwaka. Shika huko."

Wakaishika. Ikatanuka juu ya mkondo kama tanga, Mama akielea chali na mbuzi wake, uji wa ukwaju ukimtoka kama maziwa membamba. Walimgeuza, wakamsuuza, wakampeleka mkono hadi mkono. Lalo alikaa ukingoni akirusha vibonge vya udongo. Baada ya muda maji yaliyotoka katika nguo yalikuwa sawa na maji yaliyoingia.

"Baba, imetosha," alisema Natu.

"Bado."

"Bado nini? Angalia."

Khodabhai aliangalia. Ilikuwa imetosha, na aliyejua vizuri kuliko wote ni yeye. Lakini mbele ya macho yake palikuwa na Trivedi ameinama, pua karibu na shavu la Mama, na nyuma ya Trivedi kulikuwa na mkubwa, na nyuma ya mkubwa watu wote waliowahi kumpulizia kipenga, wakitafuta doa. "Mara nyingine," alisema. "Wasije wakasema Vaghari hajui kufua." Wakarudia. Kisha wakarudia tena, na jua likapanda juu yao bila kusema kitu.

Nguo ndogo ilipoingia majini, Savita aliishika peke yake, kwa vidole, kama mtu anayemwosha mtoto mchanga. Jani la mbarika lilikuwa likija na mkondo kuelekea goti lake. Likaja, likapunguza mwendo, likazunguka mara moja. Likasimama.

"Baba," alisema. "Maji yamesimama."

Natu alitoka mbio kwenda mlangoni. Sauti yake ilisikika ikibembeleza, kisha ikipanda, na sauti ya Ranchhod, tulivu kama ya mtu anayekula: "Zamu ni zamu. Nikikuongezea wewe, mkulima wa chini atanikata kichwa."

Nguo ilining'inia ndani ya maji bila kwenda popote. Kulizunguka pindo, uji wa ukwaju ukatanda na kubaki hapo hapo.

"Tuitoe," alisema Savita. "Tungoje zamu nyingine."

"Zamu nyingine ni baada ya sikukuu. Bhuvo wa ibada ameshaitwa. Ndugu wameshaitwa. Kinyozi ameshaambiwa." Khodabhai alipanda ukingoni. "Tutamalizia nyumbani kwenye pipa. Tutabadilisha maji kila mara."

"Mama alisema maji yaliyosimama—"

"Mama yako alisema mengi!"

Savita aliikamua nguo bila kuisokota, akaiweka begani, akamshika Lalo mkono. Jioni hiyo waliimalizia kwenye pipa, kama Khodabhai alivyosema.

* * *

Wakachemsha siku ya nne. Sufuria kubwa ya shaba ilikaa juu ya matofali katikati ya uchochoro, mizizi ya rangi na maua makavu yakiwa yamechemka mpaka yakatoa harufu ya udongo na damu. Nguo kubwa iliingia kwanza. Walipoinyanyua kwa miti, majirani walitoka nje kutazama. Wekundu ulikuwa wekundu wa kweli, weusi ulikuwa wa kutu na sukari guru kama inavyotakiwa, na uso wa Mama ulikuwa mweupe kama wali.

"Yailahi, Khodabhai!" alisema Manubhai wa nyumba ya tatu, aliyependa kuapa kwa viapo vya majirani zake Waislamu. "Hapo mkubwa atavua viatu."

Nguo ndogo ikafuata. Savita ndiye aliyeshika mti wa kukorogea, maana hiyo ilikuwa sehemu ya Jamna. Wekundu ulianza kwenye sari ya Mama, ukaja kwenye mapambo ya mbuzi, taratibu, kama mtu anayeona haya. Kisha Savita akaacha kukoroga.

Pale penye shavu palikuwa na kitu kama vumbi. Akalisukuma kwa ncha ya mti. Halikuwa vumbi. Likawa kama doa la tambuu, kisha likatanda kuelekea pua, likapanda paji, likashuka kidevuni, bila haraka yoyote, kama mwenye nyumba anayeingia chumba baada ya chumba.

"Itoe!" alisema Natu.

"Ukiitoa sasa itaharibika yote," alisema Khodabhai. "Acha imalize."

Wakaiacha imalize. Walipoianika, Mama Meldi alikuwa na uso mwekundu kuanzia nywele mpaka shingo, na ndani ya wekundu huo macho meusi mawili yaliyochorwa vizuri sana, labda kuliko yote aliyowahi kuchora, yakiwatazama.

Manubhai aliingia kwake bila kuaga. Natu alijaribu: "Usiku, kwa mwanga wa taa, pengine hawataona."

Savita alikuwa akinawa mikono. "Watu pengine," alisema.

Kuchora nyingine kungechukua majuma. Kuazima ya mchoraji mwingine haikuwezekana: Jamna alisema mkono wa nyumba hii. Khodabhai alikaa juu ya kitanda cha kamba mpaka chai yake ikaota utando, na kutoka katika yote hayo likamjia wazo moja. Mkono wa nyumba hii ulikuwa umechora nguo mbili. Moja ilikuwa safi.

* * *

Siku ya sita watu wa kamati walimvalisha Khodabhai kilemba asichokijua, cha rangi ya machungwa, wakampeleka kwenye ngazi. Zilikuwepo kweli. Ngazi mpya za mawe kushuka mpaka majini, maua ya manjano yamezungushwa kwenye vyuma, na kibao kilichofunikwa kitambaa. Mkubwa alivuta kamba, watu wakapiga makofi. Kisha Trivedi akamsukuma Khodabhai kidogo mgongoni.

"Shuka. Na nguo. Unaifua kidogo, unatabasamu."

"Imeshafuliwa, bwana. Imeshachemshwa. Imekwisha."

"Ni ya picha tu. Chovya pindo."

Akashuka. Maji yakamfika vifundoni, halafu magotini, na aliposimama akayasikia yakimsukuma mashavu ya miguu, yakitembea. Miaka yote hii. Aliinamisha pindo la nguo iliyokamilika ndani ya mto, na mto ukalivuta, ukitaka kazi, lakini nguo haikuwa na kitu tena cha kuupa. Juu, vijana wa picha walikuwa wakipiga kelele. "Mzee, huku! Mzee, cheka!" Alimkumbuka Jamna akiwa na maji kiunoni, akigombana na mkondo kwa sauti kama alivyogombana na muuza samli. Akacheka. Hakujua kwa nini uso wake ulifanya hivyo.

Alipopanda, mlinzi yule wa kipenga alikuwa tayari anafunga mnyororo kwenye ngazi.

"Kesho zinafunguliwa saa ngapi?" Khodabhai alimuuliza.

"Kesho?" Kijana akatazama pembeni. "Wamesema ni za matukio, mzee."

Alimfuata Trivedi nyuma ya jukwaa. Nguo kubwa ilikuwa imeshapigiliwa misumari mahali pake, na waya wa kipaza sauti umepitishwa juu ya shingo ya mbuzi. Mbele yake viti viliwekwa safu, na wakubwa walikaa wameupa mgongo uso ule waliotaka uwe mweupe.

"Bwana Trivedi, nina ombi. Niazime nguo hii siku moja. Keshokutwa jioni, nairudisha asubuhi. Ni nadhiri ya mke wangu."

"Khodabhai, Khodabhai." Trivedi alimshika bega, mara ya kwanza kumgusa. "Imeshaandikishwa. Sasa ni mali ya umma."

"Na mimi si umma?"

"Usiniletee mambo hayo leo. Malipo yako umepata?"

"Nimepata. Yachukue. Chukua yote, niachie jioni moja."

Alikuwa ameshazitoa noti, mbele za watu, mkononi, bado na rangi chini ya kucha. Mama mmoja mwenye sari ya hariri aligeuka, akadhani mzee anaomba, akafungua pochi yake akamwekea noti ya rupia kumi juu ya zile nyingine.

* * *

Siku ya nane, kabla jua halijazama, ndugu walikuwa wameshajaa uchochoroni. Savita alipika sukhdi, kashata za unga na sukari guru, kwa samli halisi. Lalo alikuwa ameogeshwa akaketishwa juu ya ubao mdogo, miguu imekunjwa, akiwa na umuhimu wa bwana harusi. Kinyozi alikuwa pembeni akinoa wembe kwenye ngozi. Nguo ndogo ilisimamishwa juu ya mianzi minne, na mbele yake pazia.

Bhuvo, yule ambaye Mama humshukia, alikuwa Chhagan, muuza bilinganya. Alikuja na jasho la sokoni, akanawa miguu, akachukua taa, akafunua pazia. Akasimama hivyo.

"Nani amempaka Mama rangi usoni?"

Khodabhai alikuwa amejiandaa usiku mzima. Angeweza kusema Mama amekasirishwa na wale waliofunga mto, ndiyo maana amewaka. Watu wangelia. Wangeimba. Neno lilikuwa limeshamfika kooni, na lilikuwa tamu.

"Maji," alisema.

"Maji gani?"

"Ya pipa."

"Mfereji si mlikwenda? Natu aliniambia."

"Tulikwenda. Mfereji niliwapa wakubwa. Jamna nikampa pipa."

Akina mama waliokuwa wakipiga makofi ya wimbo waliacha. Chhagan aliirudisha taa chini bila kuiwasha. Hakuwa mkali, hiyo ndiyo iliyoumiza.

"Sisemi Mama ana hasira, ndugu yangu. Mimi ni muuza mboga, hasira zake sizijui. Lakini nikiwasha taa hii nitakuwa nimesema nadhiri imelipwa. Naye aliyeiweka hayupo wa kusamehe maneno yake."

"Wakubwa ndio—" alianza Manubhai kutoka nyuma, akitaka kusaidia.

"Nyamaza, Manubhai," alisema Khodabhai.

Watu walikula sukhdi, maana imeshapikwa. Waliisifu kuliko kawaida. Kinyozi alikunja wembe wake, akautia mfukoni, na Lalo akamshika suruali.

"Mjomba, bado mimi. Hujaninyoa mimi."

"Safari nyingine, mkuu."

"Nimekaa vizuri! Sikutikisika!"

Savita akambeba, akaingia naye ndani.

* * *

Asubuhi Manubhai alileta gazeti la juzi. Alilileta kwa nia njema, amelikunja upande wa picha. Khodabhai alikuwa humo na kilemba cha rangi ya machungwa, magotini katika mto, akicheka meno yote nje. Natu alisoma maneno ya chini yake kwa sauti, kuwa wachoraji wa Mama wamerudishiwa mto wao. Kisha akasoma tena kimyakimya, kana kwamba yangebadilika.

"Baba umetoka vizuri," alisema Savita. Hakuwa anamdhihaki. Labda ndiyo sababu mzee aliinuka.

Nguo iliyoharibika haitupwi wala haichomwi, hupewa mto. Nao mto ulikuwa na mnyororo. Kwa hiyo Savita aliikunja, uso ndani, akaiweka juu ya sanduku la bati, chini ya picha ya Jamna, na hapo ndipo ingekaa.

Lalo alikuwa mlangoni akilia. Watoto walikuwa wameshaanza: Bibi Harusi, Bibi Harusi, bwana harusi amekimbia! Savita alichukua kitana ili amfunge nywele juu, zisionekane sana, lakini Khodabhai akanyoosha mkono.

"Nipe."

"Baba utaweza?"

"Nipe, nimesema."

Akaketi juu ya kitanda cha kamba, mtoto katikati ya magoti yake. Maisha yake yote alichora nywele za Mama kwa mkupuo mmoja wa kijiti, kutoka utosini mpaka kiunoni, bila kunyanyua mkono. Hizi zilikuwa na mafundo. Jamna alikuwa akizichana kila asubuhi kwa mafuta ya nazi, akiimba jambo fulani ambalo Khodabhai hakuwahi kulisikiliza mpaka mwisho. Kitana kikanasa, akavuta.

"Babu, unaniumiza!"

"Pole."

Akaanza tena, kutoka chini safari hii. Kutwa nzima ya jana alikuwa akitafuta wa kumlaumu, na walikuwepo wengi, na wote walistahili. Lakini kila alipowapanga safu, kama wale wa kwenye viti, aliona mikono yake mwenyewe juu ya maji, ikisuuza kitu kilichokwisha takata, na jua likipanda.

"Babu."

"Sema."

"Bibi yeye alikuwa anaanzia wapi?"

Khodabhai alishika nywele mkononi. Alifikiri, akatafuta, akafikiri tena.

"Sijui," alisema. "Sikuwa naangalia."

Akazigawa mafungu matatu, akaanza kusuka.